Je, wajua Jenerali Gallieni aliuzimaje uasi wa Madagaska?

Mwaka 1895 Ufaransa ilipeleka askari wapatao 15,000 kuiteka Madagaska. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache mno. Malaria na maradhi mengine yaliua zaidi ya 5,000, wengi wao wakichimba barabara kwenye vinamasi. Mji mkuu, Antananarivo, ukatekwa Septemba, lakini vijijini Menalamba, wapiganaji wa shuka nyekundu, wakaanzisha uasi uliozidi kuenea. Septemba 1896 ndipo alipofika Joseph Gallieni.

Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alizaliwa Saint-Béat mwaka 1849, akasomea uanajeshi katika chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, akatumikia Senegali na Sudani ya Kifaransa (Mali ya leo), kisha Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, mpakani na China. Huko Tonkin ndiko alikoikomaza mbinu ya “doa la mafuta”: utawala usambae polepole kutoka mahali palipotulia, badala ya jeshi kukimbiza waasi porini.

Utekelezaji ulikuwa hivi. Kila eneo alikabidhiwa ofisa mmoja mwenye mamlaka yote, ya kijeshi na ya kiraia. Pembezoni mwa eneo hilo zikajengwa ngome ndogo. Nyuma ya ngome wanakijiji walirudishwa mashambani, soko likafunguliwa, shule na tiba zikafuata. Eneo likishatulia, ngome zinasogezwa mbele. Waasi waliotegemea vijiji kwa chakula na habari wakabaki na njaa. Rabezavana, mmoja wa viongozi wao wakubwa, alijisalimisha kwa Lyautey, msaidizi wa Gallieni, mwaka 1897.

Lakini mafuta hayo yalitanguliwa na damu, na anayesifu mbinu bila kulitaja hilo anaficha nusu ya habari. Oktoba 1896 Gallieni aliamuru Mwanamfalme Ratsimamanga na waziri Rainandriamampandry wapigwe risasi hadharani ili kuitia hofu ikulu. Februari 1897 akaufuta ufalme na kumpeleka Malkia Ranavalona wa Tatu uhamishoni kisiwa cha Réunion, kisha Algeria, alikofia mwaka 1917. Agosti 1897, huko Ambiky katika nchi ya Menabe, magharibi mwa kisiwa, kikosi cha Wafaransa kilimuua Mfalme Toera wa Wasakalava pamoja na watu wake wengi. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyotarajiwa: upinzani wa Wasakalava ukawaka zaidi na kuendelea kwa miaka kadhaa.

Gharama za utawala zilibebwa na Wamalagasi wenyewe. Wanaume wa miaka 16 hadi 60 walilazimishwa kufanya kazi siku 50 kwa mwaka, saa 9 kwa siku, hasa kwenye barabara ya kutoka Tamatave, bandari ya pwani ya mashariki, hadi mji mkuu, ambako awali mizigo yote ilibebwa na wapagazi. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa makusudi: asiye na fedha hana budi kuuza mazao au kwenda kuajiriwa na mlowezi. Hapo ndipo penye kiini cha mfumo mzima. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1901 ilifika Antananarivo mwaka 1909.

Kodi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumponza. Novemba 1904 kusini-mashariki, upande wa Farafangana, watu waliochoshwa na kodi iliyopandishwa, kazi za shuruti na ukatili wa maofisa walivamia vituo vya serikali. Gallieni aliondoka kisiwani Mei 1905, mapigano yakiwa bado hayajaisha.