Je, wajua kwa nini mtoto mwenye presha ya mapafu anaandikiwa dawa ya nguvu za kiume?

Mama anafika famasi na cheti cha mwanae, muuzaji anakisoma, anakirudia, halafu anauliza kwa sauti foleni nzima inasikia, "hii sildenafil ni ya nani?" Jamani inaumiza, maana mama wa watu hajakosea na daktari naye hajakosea, dawa kweli ni ya mtoto.

Iko hivi. Presha tunayopimwa mkononi ni ya damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, zile 120 kwa 80. Lakini upande wa kulia wa moyo kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni tu, na huko presha ni ndogo mno, wastani kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 14 hivi, ikipita 20 tayari iko juu. Ndo maana mtu anapimwa mkono anaambiwa uko vizuri kabisa, kumbe akipanda ngazi pumzi inakata, miguu inavimba, wengine wanazimia. Ukuta wa upande ule ni mwembamba, ukilazimishwa kusukuma kwa nguvu muda mrefu unatanuka na kuchoka, na wengi kinachowaua ni moyo kushindwa.

Sasa si apewe tu amlodipine, ile dawa ya kawaida ya presha, kama babu? Dawa za aina hiyo zinasaidia wachache, tena mpaka wapimwe kipimo maalum hospitali. Kwa wengi presha ya mwili inashuka, ya mapafu imebaki palepale.

Hapo ndo inaingia sildenafil. Kampuni ya dawa ya Pfizer waliitengeneza kwenye maabara yao ya Sandwich, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakitafuta dawa ya presha na ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Kwenye kifua haikufanya la maana, ila wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kusema uume unasimama, na mwaka 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra. Mishipa yetu inalegezwa na gesi ya nitriki oksaidi ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, inaamsha kemikali ya kulegeza misuli ya mshipa, halafu kimeng'enya kinaitwa PDE5 kinakuja kuivunja ile kemikali. Sildenafil inakizuia hicho kimeng'enya, na hicho kimeng'enya kimejaa kwenye uume na pia kwenye mishipa ya mapafu, basi! 2005 ikaruhusiwa rasmi kwa presha ya mapafu kwa jina la Revatio, mtu mzima miligramu 20 mara tatu kwa siku. Mtoto anapimiwa kwa uzito wake, mara nyingi mfamasia anasaga kidonge anakifanya cha maji, kwa hiyo tafadhali usikate kidonge kwa kisu nyumbani ukakisia. Na haileti hamu ya tendo, wazazi ondoeni hofu hiyo.

Dawa nyingine zipo. Bosentan ni vidonge, ila lazima ini lipimwe mara kwa mara na mjamzito hapewi maana inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Epoprostenol ndo ngumu kuishi nayo, inaisha mwilini ndani ya dakika chache tu, hivyo mgonjwa anatembea na pampu inayoisukuma kwenye mshipa usiku na mchana, ikisimama ni dharura.

Ila chanzo kwanza. Kama presha imepanda sababu ya valvu (milango ya damu) za upande wa kushoto wa moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, cha kutibu ni valvu. Wenye siko seli nao, utafiti wa kuwapa sildenafil ulisimamishwa 2009 baada ya maumivu kuwazidi. Kwa hiyo eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo, ifanyike, sio kusikia jirani kapona ukanunua.

Na ukiwa unaitumia sildenafil, ukipelekwa hospitali na maumivu ya kifua waambie kabla hawajakuwekea dawa ya nitrati chini ya ulimi, hata kama kuna wageni wamesimama hapo, sema tu, maana hizo mbili zikikutana presha ya mwili inaweza kuporomoka ukafa.