Naomba ile aya ya mazingira

Juzi kanipigia simu afisa mipango wa halmashauri moja, kijana mchapakazi ninayemheshimu. Salamu hazijaisha, akatua mzigo: "Kaka, andiko la skimu ya umwagiliaji linatakiwa Ijumaa. Naomba ile aya ya mazingira."

Ile aya ninayo kweli, na naona haya kusema nimeitoa mara ngapi. Inaanza hivi: "Mradi huu umezingatia masuala mtambuka, yakiwemo mazingira, jinsia na UKIMWI." Unabadilisha jina la kata, unatuma. Nimeikuta kwenye andiko la barabara, la machinjio na la stendi, na hilo la stendi walisahau kufuta neno machinjio.

Safari hii nilimkatalia, tena kwa ukali asioustahili. Ndiyo maana naandika.

Watu wanaamini kwamba mazingira yakishatajwa ndani ya mpango wa maendeleo, basi yamejumuishwa. Lakini elimu ina kasma, yaani fungu lake la bajeti, afya ina kasma, na mtambuka hana kasma kwa kuwa eti yuko kila mahali. Fungua kitabu cha bajeti uyatafute mazingira. Utayakuta kwenye miti milioni 1.5 ambayo kila halmashauri imeagizwa kupanda kwa mwaka, na kwenye maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5. Miti inahesabiwa siku ya kupandwa. Maji ya kuimwagilia mwezi wa Agosti hayana kifungu. Hili la miti limeshasemwa sana, tuliache.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilijaribu kuziba pengo. Kila halmashauri iwe na afisa mazingira na iandae mpango wake wa mazingira. Nia njema kabisa. Tulichopata ni jalada la pili. Jalada la mipango liko mezani kwa mkurugenzi, jalada la mazingira liko kabatini kwa mtu asiye na gari, na yanakutana siku ya ukaguzi.

Kinachonikosesha subira hasa ni yule anayenijibu, "Sisi tulifanya TAM, cheti tunacho." Jamani, TAM, yaani tathmini ya athari kwa mazingira, imenilipia ada za watoto, siwezi kuitukana. Lakini tathmini hiyo inauliza swali la mradi mmoja: ukijengwa hapa utaharibu nini, na madhara yapunguzweje? Inapoulizwa, eneo limeshachaguliwa na mheshimiwa ameshawaahidi wananchi. Haiulizi kama bonde hili lina maji ya skimu ngapi, wala kama huo mradi ulipaswa kuwepo. Maswali hayo ni ya mpango, na sheria hiyohiyo imeyatengenezea chombo chake, tathmini ya mazingira ya kimkakati. Tangu uanze kazi umeiona mara ngapi mezani kwako?

Chukua bonde la Usangu, kule Mbeya. Mito inashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, inapita kwenye mpunga ukingoni mwa bonde, inaingia ardhioevu ya Ihefu, kisha inatokea N'giriama. Pale pana kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba ule, mto Ruaha Mkuu haupungui, unakatika. Mbele yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, halafu bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, halafu Kidatu, 204. Shamba la mpunga la Mbarali lilikuwepo tangu miaka ya 1970, Kapunga likafuata, na wakulima wadogo wakachimba mifereji yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto ukaanza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi.

Hakuna hata mradi mmoja hapo uliokuwa wa kijinga. Tulihitaji mchele, tulihitaji umeme, na watalii walikuwa wanaleta fedha za kigeni. Ila kila wizara ilipiga hesabu ya maji mlangoni kwake kana kwamba juu hakuna aliyechota na chini hakuna anayesubiri. Mnyororo ule ungepitishiwa TAM moja moja, kila mmoja ungepata cheti. Narudia: kila mmoja.

Mgao wa umeme ulipobana, lawama zikapandishwa juu bondeni. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu na ng'ombe wao, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Sasa sikiliza wataalamu wa maji waliolichambua bonde lile. Mtera hujazwa na maji ya masika. Yanayokatika kiangazi yanamuumiza kiboko, samaki na mtu wa kijiji cha chini, lakini kwa bwawa ni sehemu ndogo. Baadhi yao walisema wazi kwamba mgao wa miaka ya 1990 ulitokana zaidi na jinsi maji ya bwawani yalivyoendeshwa. Kwa hiyo huwezi kuniambia mazingira hayakuingizwa kwenye mipango ya taifa. Yaliingizwa kwa nguvu zote, ila yaliingia kama shtaka dhidi ya mwenye ng'ombe.

Nina wasiwasi wangu pia, na kwenye semina huwa siusemi. Sina hakika kwamba wizara zile zingekaa meza moja mwaka 1970 mto ungepona. Nadhani umeme ungeshinda na mwenye shamba dogo angeambiwa mapema tu kwamba yeye ndiye atakayekosa. Miongozo yetu inaandika kana kwamba tukipanga pamoja kila mtu anapata. Maji yasipotosha, kuna atakayekosa.

Pale nilipoona jambo hili likishika ni Shinyanga, na halikuanza kwa andiko zuri. Misitu ilifyekwa tangu enzi za mkoloni kupambana na mbung'o, pamba ikaongeza, na operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na ngitili zao, malisho yao ya akiba. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 ulihangaika na miche ya vitaluni, kisha ukageukia ngitili, malisho ambayo Msukuma huyafunga wakati wa mvua ili ndama na ng'ombe dhaifu wale kiangazi. Hadi mradi unakwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta laki tatu zilikuwa zimerudi. Aliyevunja mwiko alishughulikiwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu. Ndani ya ngitili mlikuwa na nyasi, kuni, fito za kujengea na dawa, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni mtambuka. Hata huko mwenye ng'ombe wengi alifaidi kuliko asiye na ardhi, ambaye nyasi alizinunua.

Kijana wangu alipiga tena jioni, kanuna kidogo. Nikamuuliza mto wa skimu yake una maji kiasi gani mwezi wa Oktoba. Kimya. Kisha: "Kipimo cha maji kilisombwa na mafuriko, kaka. Mwaka wa tatu sasa."

Nikamwambia aandike kipimo kwenye mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya saruji, na mshahara wa mtu wa kukisoma kila asubuhi. Akasema ukomo wa bajeti hauruhusu.

Tukaanza kutafuta cha kupunguza kwenye saruji.