Kuueleza uongozi wa fratenati katika usaili wa uzamili

Kazi yangu ni kuwaandaa waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu kwa usaili wa vyuo vikuu vya Marekani. Kila msimu hunijia vijana, baadhi yao kutoka kwetu Afrika Mashariki, ambao uongozi wao mkubwa waliupata katika fratenati, yaani vile vyama vya udugu vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Huniuliza kama wautaje au wauache. Huwajibu wautaje, lakini kwanza wajue msaili ana picha gani kichwani.

Anaweza kuwa na picha ya heshima: Alpha Phi Alpha, iliyoanzishwa na wanafunzi weusi pale Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, iliwapata wanachama kama Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na Martin Luther King, na Kwame Nkrumah alikuwa mwanachama wa Phi Beta Sigma, fratenati nyingine ya weusi. Anaweza pia kuwa na picha ya pombe na ya wanachama wapya wanaonyanyaswa kwa jina la kujaribiwa, mpaka wengine wakapoteza maisha. Ukitaja cheo tu, unamwachia achague mwenyewe.

Mwombaji mmoja niliyefanya naye usaili wa mazoezi alianza hivi: "Nilikuwa mhazini wa tawi lenye wanachama 60, nikajifunza uongozi na ushirikiano." Nikamuuliza ni akina nani waliokuwa hawalipi ada. Alinyamaza kidogo, kisha akasema walikuwa 11, na mmoja wao alikuwa akiishi naye chumba kimoja. Aliwaita mmoja mmoja, akaandikiana nao mpango wa kulipa kila mwezi. Wanane wakamaliza deni, watatu wakasimamishwa uanachama, na mwenzake wa chumbani akiwa miongoni mwa hao watatu. "Tulikaa wiki tatu bila kusemezana," aliniambia huku akitazama mikono yake. Nilipomuuliza angebadilisha nini, alisema angeanza kudai muhula wa kwanza, deni likiwa bado dogo. Nilimwomba asahau ule mwanzo wake na aende na kisa hiki, kwa sababu kina fedha, kanuni, gharama aliyoilipa yeye mwenyewe na kosa analolikiri, na chote kinasimulika kwa dakika mbili.

Lugha ya chama iache nyumbani. Badala ya jina la wadhifa wako, sema ulisimamia bajeti ya kiasi gani, ulipokea na kuwafunza wanachama wapya wangapi, au uliamua mashauri ya nidhamu ya namna gani. Siri za ibada za chama hakuna atakayekudai, nawe usizidokeze.

Uzito wa kisa hutegemea shule. Harvard Business School husaili kwa dakika 30, na msaili huwa ameshasoma maombi yako yote, kwa hiyo kurudia yaliyoandikwa ni kupoteza muda. Shule nyingine humpa msaili wasifu peke yake, na hapo itakubidi uanze mwanzo. Katika usaili wa uzamivu, profesa anataka kusikia utafiti wako, na fratenati inatosha sentensi moja mpaka aulize zaidi.

Lipo swali linalowatisha wengi: je, tawi lenu liliwahi kuadhibiwa kwa unyanyasaji? Desemba 2024 ilitiwa saini sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kuchapisha hadharani vyama vilivyopatikana na makosa hayo, hivyo msaili anaweza kujionea mwenyewe. Kama lilitokea, liseme mapema na kwa ufupi, ueleze ulikuwa na wadhifa gani siku hiyo, ulijua nini na ulifanya nini. Kama ulinyamaza, sema ulinyamaza, kisha taja hatua uliyochukua baadaye, iwe ni kutoa taarifa kwa chuo, kubadilisha utaratibu wa kuwapokea wapya au kujiuzulu. Na katika maelezo hayo usimtupie lawama mwanachama mwenzio ambaye hayupo chumbani kujitetea.