Jibu la kweli laweza kuwa jibu la kukosa

Wanafunzi wengi huamini kwamba swali la ufahamu linalouliza "tunaweza kuhitimisha nini?" linataka jambo lolote la kweli wanalolijua. Sivyo. Linataka kile kinachobebwa na kifungu chenyewe.

Chukua hiki: "Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi ya Kibirizi hubaki ufukweni."

Tuseme umepewa majibu matatu ya kuchagua. La kwanza linasema Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika. Ni kweli kabisa, kina chake hufika takriban mita 1,470, na mtoto wa Ujiji atalichagua kwa fahari. Lakini kifungu hakikugusa kina. La pili linasema usiku wa mbalamwezi hakuna anayevua. Hapa huanguka hata wasomaji wazuri: kimeandikwa "mingi", si "yote". Linalosimama ni la tatu, ambalo wengi huliona jepesi mno: mwanga wa mwezi huathiri uvuvi wa Kibirizi.

Basi baadhi, mingi, kila, huenda, kamwe: hayo ndiyo maneno ya kupigia mstari kwanza.