Bei ya shambani: kwa nini hupatikana kwa kutoa, si kwa kujumlisha

Bei ya shambani ni fedha anazolipwa mkulima zao linapotoka mikononi mwake kwa mara ya kwanza, iwe ukingoni mwa shamba, mlangoni mwa ghala lake au kwenye kituo cha ununuzi kilicho karibu. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Mtu akisikia "ya shambani" hudhani imepangwa huko, kumbe shamba ni kituo chake cha mwisho, ikiwa imeshapita mikono mingi.

Seremala akitaka kuuza kiti hujumlisha: mbao, misumari, gundi, siku zake mbili za kazi, halafu anaweka faida juu. Ya mkulima mdogo huenda kinyume. Inaanzia kwa mlaji au kwenye kiwanda kinachosindika, kila aliye katikati anatoa chake, na kinachobaki ndicho kinachoitwa bei ya shambani. Mbegu, mbolea na vibarua wa palizi alivyovigharimia mkulima havimo katika hesabu hiyo. Kilichobaki kikizirudisha gharama hizo, heri; kisipozirudisha, hajui hata amlalamikie nani, maana hakuna aliyepanga bei kwa kumwangalia yeye. Wachumi wana jina la mtu wa namna hii: mpokea bei.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi aliye bandarini analipa 100 kwa kilo ya zao kavu. Kampuni inayouza nje inachukua 8. Ushuru na gharama za bandari ni 10. Lori kutoka bara hadi pwani, 18. Kukoboa, kupanga madaraja na uzito unaopotea njiani, 9. Mchuuzi anayezunguka vijijini kukusanya magunia, 10. Makato yote ni 55, mkulima anabaki na 45. Sasa bei ya bandarini ishuke hadi 80. Mwenye lori hapunguzi nauli eti kwa sababu soko la dunia limeyumba. Dizeli ni ileile, na bandari ina viwango vyake. Makato yanabaki 55 na mkulima anapata 25. Soko limeshuka kwa asilimia 20, pato lake kwa kila kilo limeshuka kwa asilimia 44.

Kwa hesabu hiyohiyo, bei ikipanda hadi 120 mkulima angepata 65. Hiyo ni kwenye karatasi.

Kijiji kinachofikiwa na lori moja kwa wiki kina mnunuzi mmoja, hata kama nchi nzima ina mia. Mnunuzi huyo halazimiki kulipa 65. Anachohitaji ni kulipa kiasi cha kumfanya mkulima asirudi na mzigo nyumbani. Kwa nyanya au maziwa kiasi hicho ni kidogo mno, kwa sababu kurudi nazo nyumbani ni kuzimwaga kesho. Mwenye nafaka kavu anao ubavu kidogo wa kusubiri, ilimradi hana deni. Lakini mara nyingi analo, tena kwa mnunuzi huyohuyo, aliyemkopesha mbegu au karo miezi michache nyuma, na bei ilishapangwa siku ile ya kukopa. Bado kuna mzani. Gunia la lumbesa, lililojazwa likapita mdomo wake na kushonewa kofia juu, hulipwa kama gunia moja. Bei iliyotajwa inaweza kuwa nzuri kabisa, na kilo kadhaa zikaondoka bure.

Wengi hufikia hapa wakahitimisha kwamba mchuuzi ni mnyonyaji na dawa yake ni kumwondoa. Mimi sishawishiki. Huyu mtu anakusanya magunia mawili hapa na matatu pale mpaka lori lijae, anabeba hasara ya yaliyooza, anakopesha mahali ambapo benki haijawahi kufika. Kazi hizo zina gharama, na akiondolewa lazima mwingine azifanye. Serikali nyingi za Afrika zilijaribu kuzifanya zenyewe kwa kuunda bodi za mazao zenye ukiritimba wa kununua, na katika nchi nyingi bodi hizo zilichelewesha malipo na kukata kwa wingi kuliko yule aliyefukuzwa. Afadhali kuuliza ni wachuuzi wangapi wanaoshindana, na nini kinawazuia wengine kuingia. Jibu wakati mwingine liko barabarani. Benki ya Dunia, katika ripoti ya 2009 kuhusu njia kuu za malori barani Afrika, ilionyesha kwamba Afrika Magharibi na ya Kati gharama yenyewe ya kuendesha lori haikuwa kubwa ajabu. Kilichokuwa juu ni nauli anayotozwa mwenye mzigo, na sababu kubwa ilikuwa vyama vya wasafirishaji na kanuni za kugawana mizigo kwa zamu, ambazo ziliua ushindani. Kwa hiyo barabara mpya ya lami inaweza kujengwa na nauli isishuke.

Kuna na suala la siku ya kuuza. Mkulima mwenye shida huuza mara tu baada ya kuvuna, wakati kila jirani naye anauza na bei iko chini kuliko wakati wote wa mwaka. Miezi sita baadaye anarudi sokoni kununua nafaka ileile kwa bei ya juu. Kwa mtazamaji wa mbali hili linafanana na ujinga. Magharibi mwa Kenya watafiti waliwapa wakulima wa mahindi mkopo mdogo wakati wa mavuno, ili wakidhi mahitaji yao bila kuligusa ghala. Waliokopa waliuza kidogo mwanzoni na zaidi baadaye, na fedha za mkopo zikazaa takriban asilimia 29. Mahali ambapo waliokopa walikuwa wengi, bei ya msimu wa mavuno ilipanda na ile ya miezi ya njaa ikashuka, kiasi kwamba hata wasiokopa walinufaika. Walikuwa wanajua muda wote kwamba kusubiri kunalipa. Walichokosa ni uwezo wa kusubiri.

Hivi karibuni dunia ilipata mfano mkubwa wa jinsi bei hii inavyoachana na soko. Côte d'Ivoire na Ghana kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, na katika nchi zote mbili bei ya shambani hutangazwa na serikali mwanzoni mwa msimu. Ili kuweza kutangaza bei mapema, vyombo vya serikali huuza sehemu kubwa ya mavuno yajayo kabla hayajatoka mtini. Oktoba 2023 Côte d'Ivoire ilitangaza faranga 1,000 za CFA kwa kilo, sawa na dola 1.6 hivi. Kisha magonjwa ya mikakao na hali mbaya ya hewa vikapunguza mavuno, na Machi 2024 kakao ikavuka dola 10,000 kwa tani katika soko la New York, yaani dola 10 kwa kilo. Mkulima alikuwa bado yuko kwenye faranga 1,000. Aprili ikapandishwa hadi 1,500, chini ya theluthi moja ya bei ya New York, maana mzigo mwingi ulikuwa umeshauzwa kwa bei za zamani. Kakao ikaanza kuvushwa kimagendo kwenda nchi jirani zilizoacha bei ifuate soko.

Ni rahisi kuulaani mfumo huo, na wengi waliulaani. Lakini tazama upande wa pili. Mwisho wa 2024 bei ya dunia ilifika dola 12,000, na Oktoba 2025 ilikuwa imeshuka hadi takriban nusu ya kilele hicho. Mwezi huo Côte d'Ivoire ilitangaza faranga 2,800 kwa kilo, karibu dola 5, kiwango kikubwa kuliko vyote vya nyuma. Bei ya kutangazwa huja imechelewa katika safari zote mbili, ya kupanda na ya kushuka. Mkulima anapewa utulivu na kuulipia kwa kukosa kilele. Kama biashara hiyo ina faida inategemea nani anashika hesabu za bodi, na kama akiba ya miaka mizuri huwa ipo kweli inapohitajika.

Kosa jingine ni kupima haki kwa asilimia peke yake. Husemwa kwamba mkulima anapata sehemu ndogo sana ya bei ya dukani, na msomaji anatarajiwa akasirike. Nchini Marekani, kwa hesabu za wizara yao ya kilimo, kati ya kila dola inayotumika kununua chakula ni takriban senti 15 tu zinazomfikia mkulima, na mkulima wa huko kwa kawaida si fukara. Mlaji wa nchi tajiri hununua zaidi ya zao: hununua usindikaji, ufungaji, friji, kodi ya duka, mishahara ya mjini. Kadiri vitu hivyo vinavyoongezeka, asilimia ya mkulima hupungua hata kama hakuna aliyeibiwa. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi. Dunia ina mashamba zaidi ya milioni 600, na katika kila mashamba sita, matano hayazidi hekta mbili. Yote hayo madogo kwa pamoja yanakalia takriban asilimia 12 ya ardhi ya kilimo, ingawa hutoa karibu theluthi moja ya chakula. Mwenye nusu hekta akiongezewa bei maradufu bado ana magunia machache ya kuuza. Takriban watu wanne kati ya watano walio katika ufukara uliokithiri duniani wanaishi vijijini, na bei nzuri pekee haiwezi kuwatoa huko.

Wengine hata itawaumiza. Kaya nyingi maskini za vijijini hununua chakula kingi kuliko zinachouza, pamoja na zile zenye mashamba. Mchele ulipopita dola 1,000 kwa tani mwaka 2008, baada ya India na Vietnam kuzuia mauzo ya nje, si kila mkulima wa Asia alishangilia. Aliyevuna gunia tano na kula saba alikuwa upande wa walaji.

Turudi kwenye ile 100 ya bandarini, kwa sababu nayo ina historia. Wakati mwingine imeshushwa kabla makato hayajaanza. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka malalamiko yao katika Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku za nchi tajiri, hasa Marekani, zinafanya pamba izalishwe kupita mahitaji na kuangusha bei kwa kila mtu. Brazil, iliyokuwa imefungua kesi rasmi juu ya ruzuku hizo, ilishinda na mwaka 2014 ikakubali kumaliza mgogoro kwa malipo ya dola milioni 300. Fedha hizo zilikwenda kwa sekta ya pamba ya Brazil. Zile nchi nne za Afrika, ambazo hazikuwa na kesi, hazikupata malipo ya namna hiyo. Desemba 2015, jijini Nairobi, wanachama wa shirika hilo walikubaliana kuondoa ruzuku za kuuza mazao nje. Ruzuku za ndani hazikuguswa kwa kiasi hicho, na huko ndiko fedha nyingi ziliko. Ongeza ushuru unaopanda kadiri zao linavyosindikwa: punje za kakao huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, lakini kwa kiwango cha kawaida, kwa nchi isiyo na mkataba wa upendeleo, kakao iliyosagwa kuwa rojo hutozwa asilimia 9.6. Kiwanda kina sababu ya kujengwa karibu na mlaji.

Nini basi huisogeza bei ya shambani? Ushirika husaidia unapojaza lori, ili wanunuzi wawili au watatu waone inafaa kufika. Ukigeuka kuwa ofisi yenye makato yake, umejiongeza tu kwenye foleni ya wanaotoa chao. Stakabadhi ghalani humpa mkulima karatasi ya mzigo aliouhifadhi ghalani, anayoweza kuiweka benki kama dhamana ya mkopo huku mzigo ukisubiri bei. Simu zina sifa iliyopitiliza kidogo. Niger, mitandao ya simu ilipoenea kati ya 2001 na 2006, tofauti za bei ya nafaka kati ya soko na soko zilipungua kwa zaidi ya asilimia 10. Ila Maharashtra, India, wakulima waliotumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi hawakupata, kwa wastani, bei bora kuliko wenzao. Kujua bei ya soko lililo kilomita 80 hakukusaidii kama huna jinsi ya kufika huko.

Jambo la mwisho ni la kiufundi lakini huharibu mijadala mingi. Ukikutana na takwimu ya bei ya shambani, uliza kwanza ni kilo ya nini, na kama ni kabla au baada ya makato. Kahawa mbivu inahitaji takriban kilo sita kutoa kilo moja ya kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa, na hiyo nayo hupungua ikikaangwa. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa takriban 40 za pamba nyuzi. Kwenye nafaka angalau Kiswahili kimeshatuwekea tahadhari: anayelinganisha bei ya mpunga na ya mchele kana kwamba ni kitu kimoja anaonekana mara moja kwamba amekosea.