Je, kujitambua kulianza na maandishi?

Wapo wanaoamini binadamu alianza kujitambua alipojua kuandika, miaka 5,000 hivi iliyopita. Inaeleweka: fahamu haiachi mfupa, maandishi hubaki. Ila bibi asiyejua kusoma hujitambua barabara.

Nenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, njia ya Mbeya, utazame mashoka ya mawe yaliyochongwa zamani sana kabla ya maandishi. Pande zake zinalingana. Mchongaji alikuwa na umbo kichwani kabla ya kugonga jiwe. Kupanga huko, nakiri, hakuthibitishi kujitambua. Shanga za kombe za pango la Blombos, Afrika Kusini, za miaka 75,000 hivi, zinanishawishi zaidi: anayejipamba anajua anatazamwa. Ukitajiwa tarehe kamili ya fahamu kuanza, uliza imepimwa kwenye kitu gani.