Kujifanya mwenye laini: maana yake, na mpaka wa kampuni inaposaka aliyevujisha siri

Kujifanya mwenye laini ni kupigia kampuni ya simu, au kuingia kwenye tovuti yake, ukidai wewe ndiye mteja fulani ili upewe rekodi zake za simu. Hakuna haja ya kudukua chochote. Inatosha nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na mhudumu mwenye haraka.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard ya Marekani, kilichofichuka mwaka 2006. Wapelelezi waliokodiwa kumsaka mwanabodi aliyezungumza na wanahabari walichukua hivyo rekodi za wakurugenzi na za wanahabari 9. Akaunti ya mkurugenzi Tom Perkins ilifunguliwa kwa simu yake ya nyumbani na tarakimu 4 za mwisho za nambari yake ya hifadhi ya jamii. Aliyevujisha alijulikana, lakini mwenyekiti wa bodi, Patricia Dunn, pia aling'oka.

Wapo wanaojitetea kwamba rekodi si mazungumzo. Utetezi huo hauna mashiko. Tazama ukurasa mmoja tu: nambari, tarehe, saa, sekunde. Simu ya saa nne usiku kwa wakili wa talaka, kisha tatu kwa kliniki ileile. Umeshajua ya ndani ya mtu bila kusikia neno. Na ndugu na marafiki wasiohusika wamo humo humo.

Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuchukua data ya mtu bila idhini ya anayeihifadhi ni kosa. Adhabu ni faini hadi shilingi milioni 3, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Kukodi mpelelezi wa nje hakuihalalishi kazi hiyo.

Kampuni inayomsaka aliyevujisha siri itafute kwenye vyombo vyake yenyewe: akaunti ipi ilifungua faili, saa ngapi, nani alichapisha, na wafanyakazi wawe wamearifiwa mapema kwa maandishi. Hata hapo, seva hutaja akaunti, si mtu. Nywila ikitumiwa na watu watatu, asiye na hatia ataponzwa.

Ukishuku umechukuliwa rekodi, badilisha kwanza nywila na PIN. Kisha iandikie kampuni ya simu uulize nani aliziomba, lini, kwa njia gani. Ombi la kuona data yako hujibiwa ndani ya siku 7. Ikinyamaza, lalamika kwa Kamishna wa Data, anayepaswa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90.